Maswali ya Wasomaji: Bálint Balassi, malenga wa mipakani mwa Hungaria

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulimtaja kwa sentensi moja tu Bálint Balassi, mshairi wa Hungaria wa karne ya 16, tukasema kwamba ndiye aliyeionyesha lugha yake kuwa inaweza kubeba mashairi ya mapenzi yenye hadhi sawa na ya lugha nyingine yoyote ya Ulaya. Barua zilizofuata zinataka maelezo zaidi, na kwa kuwa maswali yanakamilishana, tumeyakusanya na kuyajibu pamoja.

Swali: Mhariri, naomba unieleze huyu Balassi alikuwa nani hasa, na aliishi katika mazingira gani. Sentensi moja haikunitosha.

Jibu: Ndugu msomaji, una haki ya kudai zaidi. Bálint Balassi, ambaye Wahungaria humwita Balassi Bálint kwa desturi yao ya kutanguliza jina la ukoo, alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1554 katika mji wa Zólyom, ambao leo uko Slovakia na unaitwa Zvolen. Wazazi wake, János Balassi na Anna Sulyok, walitoka katika koo za makabaila wenye ngome na mashamba mengi, na baba yake alikuwa kamanda katika vita vya mpakani.

Huwezi kumwelewa bila kuielewa nchi yake. Miaka 28 kabla hajazaliwa, mwaka 1526, jeshi la Hungaria lilivunjwa na Sultani Suleiman wa Waturuki katika uwanda wa Mohács, na mfalme mwenyewe akafa siku hiyo. Mwaka 1541 Waturuki waliutwaa mji mkuu wa Buda, na tangu hapo nchi ikawa vipande vitatu: ukanda wa magharibi na kaskazini ulikuwa chini ya wafalme wa nasaba ya Habsburg, sehemu ya kati ilikuwa chini ya sultani, na mashariki kulikuwa na Transylvania, iliyokuwa na mtawala wake lakini haikuthubutu kumuudhi sultani. Kati ya eneo la mfalme na eneo la sultani palisimama mlolongo mrefu wa ngome, ambamo askari waliishi kwa mishahara iliyochelewa na kwa mateka waliokombolewa kwa fedha, na ambako mapigano madogo yaliendelea hata katika miaka iliyoitwa ya amani. Mwenendo huo wa mpakani ndio uliomlea mshairi wetu.

Utotoni alifundishwa na Péter Bornemisza, mhubiri wa Kilutheri ambaye mwenyewe ni miongoni mwa waandishi bora wa nathari ya Kihungaria wa wakati huo, kisha akapelekwa kusoma Nuremberg. Mwaka 1569 baba yake alikamatwa kwa tuhuma za kula njama dhidi ya mfalme, akatoroka na familia ikakimbilia Poland. Huko uhamishoni kijana Bálint alitafsiri kutoka Kijerumani kitabu cha kuwafariji wenye huzuni, kwa ajili ya wazazi wake, na kitabu hicho kikachapishwa Kraków mwaka 1572, kabla mtafsiri hajatimiza miaka 18. Mwaka huohuo, familia ikiwa imesamehewa, alicheza ngoma ya wachungaji mbele ya wakuu waliokusanyika Pozsony, mji ambao leo ni Bratislava, kwa kutawazwa kwa Rudolf kuwa mfalme wa Hungaria, na uhodari wake ukaandikwa na mwanahistoria wa zama hizo.

Baada ya hapo mambo yalimwendea kombo. Mwaka 1575 alipelekwa katika kikosi kilichokwenda kumpindua István Báthory, mtawala wa Transylvania, akatekwa. Lakini Báthory alimweka katika jumba lake kama mgeni kuliko kama mfungwa, na alipokwenda kutawazwa kuwa mfalme wa Poland mwaka uliofuata, akaenda naye. Balassi alirudi nyumbani mwaka 1577 baada ya kifo cha baba yake, akakuta mali ya familia imo mikononi mwa ndugu wa ukoo, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuacha kudai haki mahakamani wala kudaiwa. Kuanzia mwaka 1579 alihudumu kama afisa wa askari wa farasi katika ngome mashuhuri ya Eger. Krismasi ya mwaka 1584 alimwoa Krisztina Dobó, binti wa shujaa aliyeilinda Eger dhidi ya Waturuki mwaka 1552, na wakati uleule akajaribu kuikalia ngome ya Sárospatak akidai ni sehemu ya mali ya mke wake. Walinzi walimfukuza. Kwa kuwa mama zao walikuwa ndugu, alishtakiwa kwa kuoa maharimu, na kwa kuivamia ngome akashtakiwa kwa uhaini. Ndoa ikavunjwa baadaye, na mali hakupata.

Mwaka 1589 aliihama nchi kwenda Poland, akarudi mwaka 1591, na vita kuu na Waturuki vilipoanza mwaka 1593 alijiunga navyo. Tarehe 19 Mei 1594, katika kuushambulia mji wa Esztergom, risasi ya mzinga ilimjeruhi mapaja yote mawili, akafa tarehe 30 Mei akiwa na miaka 39. Alizikwa Hybe, kaskazini mwa Slovakia ya leo.

Sitaki kumpamba. Kumbukumbu za mahakama za wakati wake zimejaa malalamiko juu ya ugomvi wake na matumizi yake ya nguvu, na baadhi ya waliolalamika walikuwa wanyonge kuliko yeye. Anayempenda kwa mashairi yake, nami ni mmoja wao, hana budi kuyabeba na hayo.

Swali: Je, ni kweli kwamba hakuna aliyeandika mashairi ya Kihungaria kabla yake? Nimesoma mahali fulani kuhusu Janus Pannonius, aliyeishi karne moja kabla.

Jibu: Walikuwepo, na ni vizuri umemtaja Pannonius, kwa sababu yeye ndiye anayeonyesha waziwazi pengo ambalo Balassi alilijaza. Janus Pannonius, aliyeishi kuanzia 1434 hadi 1472, alisoma Ferrara nchini Italia, akawa askofu wa Pécs, na alijivunia katika shairi moja kwamba nchi yake, ambayo zamani ilisoma tungo zilizoletwa kutoka Italia, sasa nayo inapeleka tungo zake nje. Lakini tungo zote hizo zimeandikwa kwa Kilatini. Kwa Kihungaria chenyewe, shairi la zamani zaidi linalojulikana ni Maombolezo ya Maria, lililoandikwa takriban mwaka 1300 na kugunduliwa mwaka 1922, nalo ni zuri mno, ila limesimama peke yake. Katika ujana wa baba yake Balassi alikuwepo pia Sebestyén Tinódi, aliyezunguka akiimba habari za vita kwa kinanda chake. Kitabu chake cha tenzi za matukio kilichapishwa Kolozsvár mwaka 1554, mwaka uleule aliozaliwa Balassi. Tinódi alijali ukweli wa habari kuliko uzuri wa beti, na wanahistoria wanamshukuru kwa hilo.

Mapenzi nayo yaliimbwa, lakini kwa siri ya nusu. Ziliitwa nyimbo za maua; wahubiri walizilaani, na hakuna aliyeona haja ya kuziandika. Kipande kimoja cha takriban mwaka 1490 kilisalia mjini Sopron, na maana yake ni hii: ewe ua, ujue, sina budi kuachana nawe, na kwa ajili yako nitavaa nguo za msiba. Mistari miwili tu, lakini inatosha kutuonyesha kwamba watu wa kawaida walikuwa na hazina ambayo wenye elimu waliidharau.

Balassi aliikusanya mikondo hiyo: alikuwa na elimu ya Kilatini kama Pannonius, aliishi vitani kama watu aliowaimba Tinódi, na hakuionea haya sauti ya nyimbo za maua. Na alijua anachokifanya. Katika utangulizi wa tamthilia yake, Komedia Nzuri ya Kihungaria, aliyoitunga miaka ya 1588 na 1589 kwa kufuata mchezo wa Mwitalia Cristoforo Castelletti, anasema kwamba ametaka kuitajirisha lugha ya Kihungaria, ili watu wote watambue kwamba kinachowezekana katika lugha nyingine kinawezekana pia katika lugha hii. Kila ninaposoma utangulizi huo naona kwamba hapo ndipo ilipo sababu ya kumwita wa kwanza: wengine walitunga kwa Kihungaria, yeye alikitungia Kihungaria hoja.

Swali: Mimi ni mtunzi wa mashairi ya kimapokeo. Ningependa kujua mashairi ya Balassi yana umbo gani. Je, yana vina na mizani, au ni masimulizi tu?

Jibu: Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, ndugu mtunzi, kwa sababu Wahungaria nao wakati huo walihesabu mizani kama tunavyohesabu sisi, na umbo ambalo leo huitwa kwa jina la Balassi utalitambua bila shida. Ubeti wake una mishororo mitatu. Kila mshororo una mizani 19, iliyogawanywa katika vipande vitatu: ukwapi wa mizani 6, utao wa mizani 6, na mwandamo wa mizani 7. Ukwapi na utao vina kina kimoja, ambacho hubadilika kila mshororo. Mwandamo una kina chake, nacho hubaki kilekile katika mishororo yote mitatu. Kwa istilahi zetu ni tathlitha ya ukawafi. Hakuna uhusiano wa asili kati ya bahari hizi mbili, lakini sikio lililolelewa na moja litaikaribisha nyingine.

Huu hapa ubeti wa kwanza wa shairi lake maarufu zaidi, Wimbo wa Askari, wa mwaka 1589, ambao nimeuandika kwa vipande ili uvione vina vyake:

*Vitézek, mi lehet / ez széles föld felett / szebb dolog az végeknél?*
*Holott kikeletkor / az sok szép madár szól, / kivel ember ugyan él;*
*Mező jó illatot, / az ég szép harmatot / ád, ki kedves mindennél.*

Maana yake ni kwamba: enyi mashujaa, juu ya ardhi hii pana ni kitu gani kizuri kuliko mipaka, ambako majira ya kuchipua ndege wengi wazuri huimba na kumpa mtu uhai, na konde hutoa harufu nzuri, na mbingu hutoa umande upendezao kuliko vyote? Angalia jinsi shairi la vita linavyoanza na ndege na umande. Linaendelea kwa farasi, bendera, tarumbeta na zamu za usiku, lakini halituruhusu kusahau kwamba mahali hapa ni pazuri, na ndiyo maana habari za kifo zinapoingia zinauma: wale waliokufa kishujaa, anasema, mara nyingi kaburi lao ni matumbo ya wanyama wa mwitu na ya ndege.

Shairi zima lina beti 9, nalo limejengwa kama jengo lenye nguzo tatu. Ubeti wa 1 unauliza swali. Ubeti wa 5, ulio katikati kabisa, unatoa hoja: kwa ajili ya jina jema na heshima askari hawa huacha vyote nyuma, nao huwapa wengine wote kielelezo cha utu na cha ushujaa. Ubeti wa 9 unawabariki vijana hao wa mipakani. Beti 3 zinakaa kati ya nguzo na nguzo, upande mmoja zikionyesha furaha na mwendo, upande wa pili zikionyesha mapambano na gharama yake. Mpango wa namna hii haukuwahi kuonekana katika Kihungaria kabla yake.

Ujue pia kwamba mashairi yake ya mwanzo yalitungwa kwa ajili ya kuimbwa. Juu ya mengi yao ameandika jina la lahani ya kufuata, na lahani hizo zimetoka kila upande: za Kihungaria, Kijerumani, Kipoland, Kiitaliano, Kikroatia, Kiromania na Kituruki. Kadiri alivyokomaa ndivyo alivyoegemea zaidi ubeti wake mwenyewe, ambao unabeba muziki ndani yake hata ukisomwa kimya. Jambo jingine litakalokuvutia ni kwamba alipenda kuficha majina katika herufi za mwanzo za beti, na katika mkusanyiko wake kuna mashairi ambayo kichwa chake kinasema wazi kwamba yametungwa juu ya jina la mwanamke fulani.

Swali: Katika mashairi yake anatajwa mwanamke anayeitwa Júlia. Je, huyu alikuwa mtu wa kweli au ni jina la kishairi tu?

Jibu: Yote mawili. Jina ni la kishairi, lakini nyuma yake yuko Anna Losonczi, binti wa István Losonczi aliyekufa baada ya kuilinda ngome ya Temesvár mwaka 1552. Balassi alipomfahamu alikuwa mke wa Kristóf Ungnád, kamanda wa Eger, na uhusiano wao wa siri ulidumu miaka kadhaa. Mashairi ya kipindi hicho yanamtaja kwa jina la Anna, nayo yana wivu, malalamiko na furaha za ghafla. Ungnád alipofariki mwaka 1587, na ndoa ya Balassi mwenyewe ikiwa imevunjika, mshairi aliona mlango umefunguka, akamwandikia upya, safari hii kwa jina la Júlia. Anna, mjane tajiri na mwenye busara ya dunia, hakukubali kuolewa na mtu asiye na mali wala sifa njema, akaja kuolewa na Zsigmond Forgách.

Nionavyo mimi, kukataliwa huko ndiko kulikozaa mashairi bora. Anna wa mashairi ya mwanzo ni mtu mwenye hasira na vicheko vyake. Júlia ni kitu cha mbali, anayelinganishwa na jua, na mashairi yanafuatana kama sura za kisa kimoja cha mtu anayesihi na asiyesikilizwa. Hapo Balassi aliwasoma kwa makini washairi wa Kilatini wa karne yake na iliyotangulia, hasa Marullus, Angerianus na Janus Secundus, ambao tungo zao zilichapishwa pamoja Paris mwaka 1582. Amechota kwao picha na hata mipangilio mizima ya mashairi. Wapo wanaomwona mwigaji kwa sababu hiyo, nami sikubaliani nao: huko Ulaya enzi hizo kila mshairi mwenye elimu alichota kwa wenzake, na kipimo kilikuwa ni kama picha iliyochotwa imepata uhai mpya. Katika Kihungaria chake imepata.

Baada ya Júlia alikuja Celia, jina alilompa mwanamke aliyempenda alipokuwa Poland, ambaye wachunguzi wanamtambua kuwa Anna Szárkándi, mke wa Ferenc Wesselényi aliyekuwa mwenyeji wake. Mashairi haya ni mafupi na yametulia. Katika moja, Celia anamlilia ndugu yake aliyekufa, na mshairi anasema alilia kwa uchungu kama ndege mwimbaji ambaye mchungaji amemnyang'anya makinda yake. Hakuna kulalamika wala kusihi. Kuna macho yanayotazama tu.

Swali: Inakuwaje mtu aliyepigana na Waturuki maisha yake yote akafuata lahani za nyimbo zao?

Jibu: Mpaka haukuwa ukuta. Askari wa pande zote mbili walipigana, wakatekana, wakajadiliana juu ya fidia, wakafanya biashara, na kwa miaka mingi wakajifunza lugha za wenzao. Balassi alikijua Kituruki, pamoja na Kilatini, Kiitaliano, Kijerumani, Kipoland na lugha nyingine za jirani. Katika mkusanyiko wake kuna beti kadhaa za Kituruki alizozitafsiri moja kwa moja, na ameziwekea kichwa kinachosema hivyo bila kuficha.

Mfano ulio bora kuliko wote ni shairi linaloeleza jinsi alivyomkuta Júlia na kumsalimu. Juu yake ameandika kwamba linafuata lahani ya wimbo wa Kituruki, *Gerekmez bu dünya sensiz*, yaani, dunia hii haihitajiki bila wewe. Nalo linaanza:

*Ez világ sem kell már nekem*
*Nálad nélkül, szép szerelmem,*
*Ki állasz most énmellettem;*
*Egészséggel, édes lelkem!*

Kila mshororo una mizani 8, na kina ni kimoja hadi mwisho wa ubeti. Nimejaribu kuuhifadhi mpangilio huo kwa Kiswahili:

*Dunia siitamani*
*Bila wewe, wa thamani,*
*Uliyeko ubavuni;*
*Salamu, wangu rohoni.*

Tafsiri yangu imepoteza mengi, ila inaweza kukupa mwendo wake. Kisha mshairi anammiminia mpenzi wake majina, moja juu ya jingine: jumba langu la thamani, waridi langu jekundu lenye harufu nzuri, nuru ya macho yangu, tumaini la uhai wangu. Kurundika majina ya sifa namna hiyo ni mtindo uliostawi katika ushairi wa Mashariki, na Balassi aliuchukua kutoka kwa watu ambao huenda asubuhi ya kesho yake angekutana nao kwa upanga. Ubeti wa mwisho unageuka kuwa simulizi: anasema alimpigia goti na kumwinamishia kichwa, naye Júlia akatabasamu tu. Sijui shairi la mapenzi linalomalizika kwa unyenyekevu na uchungu mwingi kiasi hicho kwa maneno machache hivyo.

Swali: Alikuwa Mprotestanti au Mkatoliki?

Jibu: Alilelewa katika Ulutheri, akaingia Ukatoliki mwaka 1586, na akiwa Poland alikaa kwa muda na Wajesuiti. Lakini mashairi yake ya ibada hayafanyi kazi ya kutetea dhehebu lolote, ndiyo maana waumini wa pande zote waliyaimba. Ndani yake mtu mmoja anazungumza na Mungu uso kwa uso, anakiri, anahoji, mara nyingine anajadiliana naye kana kwamba anadai ahadi. Lililo bora zaidi linaanza kwa ombi la utulivu na amani ya roho, likimsihi Bwana wa mbinguni ailinde akili inayotangatanga na moyo unaochimbwa na mateso mengi. Akiwa amelala na majeraha yake Esztergom aliitunga upya Zaburi ya 51 kwa mashairi, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho.

Swali: Kama alikuwa mkubwa hivyo, kwa nini nasoma kwamba mashairi yake ya mapenzi yalichapishwa katika karne ya 19 tu?

Jibu: Kwa sababu hayakuchapwa alipokuwa hai, na waliobaki baada yake waliyaonea haya. Alipokuwa anaihama nchi mwaka 1589 alitunga shairi la kuiaga, ambalo ndani yake anaaga kila kitu kwa zamu: Hungaria, mashujaa wa Eger, farasi, silaha, marafiki, wanawake, Júlia. Mwisho anayageukia mashairi yake mwenyewe, anayaita yaliyolaaniwa, kwa kuwa hayakumletea chochote ila huzuni, na kuyaamuru yateketee motoni yote.

Hayakuteketea. János Rimay, mfuasi wake kijana, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, alitunga maombolezo ya kifo chake na kulihifadhi jina lake. Mashairi ya ibada yalianza kuchapishwa miaka ya 1630, pamoja na ya Rimay, yakarudiwa mara nyingi mno, hata kwa vizazi vingi watu walimjua Balassi kama mtunzi wa nyimbo za dini. Yale ya mapenzi yalizunguka kwa nakala za mkono. Mwaka 1874, katika maktaba ya ukoo wa Radvánszky huko Radvány, si mbali na mji aliozaliwa, ikapatikana hati iliyonakiliwa katika karne ya 17, yenye makosa mengi ya mwandishi, lakini inayodai kunakiliwa neno kwa neno kutoka kitabu alichokiandika Balassi kwa mkono wake. Áron Szilády aliichapisha mwaka 1879. Ndipo Wahungaria wakagundua kwamba wamekuwa na mshairi wa mapenzi wa daraja la kwanza kwa takriban miaka 300 bila kumsoma.

Hati hiyo ilileta jambo jingine, ambalo wataalamu wanaendelea kulijadili. Mashairi hayakurundikwa ovyo: 33 ya kwanza ni yale aliyoyatunga tangu ujana hadi ndoa yake, kisha linafuata kundi jingine la 33, na katikati kuna maelezo mafupi yanayounganisha shairi na shairi, kwa hiyo unaposoma unafuata maisha ya mtu. Wapo wanaoamini kwamba alikusudia makundi matatu ya 33, yaliyofungwa na idadi takatifu. Wengine wanaona hoja hiyo inalazimishwa. Mimi naona inatosha kusema kwamba aliyaona mashairi yake kuwa diwani moja, na hilo pia lilikuwa jipya. Tamthilia yake nayo ilijulikana kwa vipande tu hadi mwaka 1958, ilipopatikana nakala kamili huko Vienna.

Swali: Ningependa kumsoma. Nianzie wapi, ikiwa sijui Kihungaria?

Jibu: Usianze na Wimbo wa Askari, ingawa ndio unaojulikana zaidi, kwa sababu ukiusoma kwanza utamwona kama askari anayetunga mashairi na kila kingine utakipima kwa hilo. Anza na shairi la kumsalimu Júlia, ambalo ni fupi na limetafsiriwa katika lugha nyingi. Kisha soma lile la kuomba utulivu, ambalo sauti yake ni nyingine kabisa, halafu shairi la Celia akilia, na baada ya hapo uuingie Wimbo wa Askari ukihesabu beti zake ili uzione nguzo tatu. Shairi la kuiaga Hungaria liwe la mwisho kati ya haya matano. Ukipata tafsiri yenye Kihungaria upande wa pili wa ukurasa, chagua hiyo kuliko nyingine hata kama hulijui neno moja, kwa kuwa tafsiri nyingi zinaacha vina vya kati, nawe ukiyapitisha macho maandishi ya asili kwa kufuata vipande vya 6, 6 na 7 utaviona mwenyewe vikiitana.